Mama na Askari Waliobaki Nyuma

Mama hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha soko la mifugo, lakini filamu za vita alizielewa zote. Alipenda aina moja tu: askari wachache wamezingirwa na adui, redio imeharibika, wenzao wameshaondoka. Filamu ya mapenzi aliizima. Akiona mtu wa gwanda amejificha kwenye majani, alikaa mkekani na kuanza kutoa amri.

"Usipite hapo. Kwa daraja wamejificha."

Askari alipita hapo hapo. Mama alisonya.

Uraibu huo ulianza kaka yangu alipotumwa na jeshi ng'ambo ya mpaka. Kazi yangu ilikuwa kupeleka flashi mjini ijazwe filamu. Mwenye duka aliniuliza kama ni mimi ninayependa vita hivyo.

"Ni mama," nikasema.

Hakuniuliza tena.

Asubuhi moja redio ilisema kambi moja ya huko imeshambuliwa. Nilimpigia kaka; mteja hapatikani. Kabla ya adhuhuri majirani wa mtaa wetu wa Kiwanjani walikuwa wamejaa kwetu, na sukari na maziwa, wamejifunika vichwa kama watu wa matanga. Mama aliwatazama.

"Nani amekufa?"

Baba mdogo alipendekeza tuchinje kondoo tusome dua.

"Kondoo atangoja," Mama akasema, kisha akanigeukia. "Weka ile ya wale wa mlimani."

Nikaweka. Wanawake waliokuja kulia wakabaki wakitazama, kwa adabu kwanza, vikombe vya chai mapajani. Filamu ilipofika katikati walikuwa wanabishana. Mmoja alimwombea dua yule aliyevunjika mguu. Jirani yetu Mmeru, anayeuza miraa stendi, alisema yule wa ndevu ndiye atakayewauza wenzake, na kweli akawauza. Mimi nilitoka nikajifungia chooni, nikalia huku nimeuma leso. Niliporudi waliniambia nimekosa daraja likilipuliwa.

Tuliishi hivyo siku kadhaa. Wageni walikuja kutupa pole, wakaondoka wamekasirishwa na majenerali.

Halafu simu ya Mama ikalia, namba ngeni.

"Mama, ni mimi."

"Uko na maji?" Mama akauliza.

Kaka alisema anayo. Mama akanipa simu, akaenda kuswali adhuhuri, ambayo alikuwa ameshaiswali.

Kaka aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, na viatu havikuwa vyake. Alikula, akalala, akaamka akala tena. Ndipo Mama alipomkalisha mkekani amhoji.

"Helikopta ilikuja?"

"Haikuja."

"Na redio?"

"Betri iliisha mapema."

Mama alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Kaka akasimulia. Walikuwa watatu waliotengana na wenzao. Mama mmoja mfugaji aliwaficha kwenye zizi la mbuzi, akawapa maziwa na shuka za kiume wavae badala ya gwanda, akawatukana kwa Kisomali kwa kukanyaga mwanambuzi. Walitoka huko kwa lori la vitunguu, wakiwa chini ya magunia. Mpaka leo kaka hali vitunguu.

"Nyote watatu?" Mama akauliza.

"Wawili. Mmoja alibaki njiani, kabla ya zizi. Alikuwa amepigwa risasi tumboni. Tulimbeba hadi akatuambia tumweke chini."

Mama alinyoosha mkono akazima runinga, ingawa filamu ilikuwa haijaisha.

"Mama yake yuko wapi?"

"Ngaremara."

Kesho yake tulienda. Yule mama ni Mturkana, anauza makaa kando ya barabara. Jeshi lilikuwa limeshampa habari ya kifo cha mwanawe, hakushangaa kutuona. Mama alimsalimu salaam aleikum kwa mazoea, akajirekebisha, akauliza habari. Wakakaa juu ya magunia matupu. Hawakuwa na lugha nzuri ya pamoja, kila mmoja na Kiswahili chake kilichovunjika mahali tofauti.

"Wewe ulikuwa na yeye?" yule mama alimuuliza kaka.

"Ndio, mama."

"Alikuwa anaogopa?"

Nilijua filamu zinajibu nini hapo.

"Alikuwa anaogopa," kaka akasema. "Sisi wote. Alinishika mkono."

"Mkono gani?"

Kaka akanyoosha mkono wa kulia. Yule mama aliushika, akaugeuza kiganja juu, akaukagua kama anatafuta mwiba. Hakuuachilia kwa muda mrefu. Wateja wawili wa makaa walisimama, wakaona, wakaondoka. Mama yangu aliinuka akamwita wa tatu, akampimia debe yeye mwenyewe.

Kaka aliacha jeshi mwaka uliofuata. Siku hizi ana pikipiki, na ndiye anayemletea yule mama magunia ya kutilia makaa kutoka mjini. Anamwita mama. Mama yangu mwanzoni aliona wivu kidogo, akajaribu kuuficha, lakini niliona.