Simu ya Boksi la Viatu

Ayman wa tuktuk huweka dau la sahani ya viazi karai kwamba hakuna atakayeamini: yeye, aliyeacha shule darasa la sita, aliunda simu kwa boksi la viatu na ikaita tuktuk.

Jirani yake Bi Mona, mgonjwa wa magoti, kila siku ya kliniki alijikokota kutoka uchochoroni hadi barabarani kutafuta tuktuk. Shifa, msomi wa kompyuta na binti wa kaka yake Ayman, alitaka kumtengenezea programu ya simu ya kuita tuktuk hadi mlangoni, ila kwanza ajue kama bibi ataiweza peke yake. Ndipo Ayman akakata boksi, akachora kioo cha simu na kitufe kimoja kikubwa chekundu.

"Hiki hata aliyelala atakibonyeza," akajigamba.

Wakampa Bi Mona. "Haya bibi, ita tuktuk," Shifa akasema.

Bi Mona akakodoa macho, kidole hakishuki. Ayman akanyoosha mkono amwonyeshe.

"Ami, kalia mikono yako!" Shifa akamkemea. "Siku ya kliniki utakuwa naye?"

"Mwanangu," Bi Mona akasema, "kwenye kasimu kangu, nyekundu ni ya kukata. Nikibonyeza si namfukuza dereva?"

Ayman akacheka hadi kofia ikamdondoka, akachora kitufe kingine cha kijani. Bi Mona akabonyeza papo hapo.

"Mbona haiji?"

"Nimeshafika, Bi Mona," Ayman akajibu. "Panda twende."

Siku hizi programu ni ya kweli, na Bi Mona hupandia mlangoni. Kitufe chake ni cha kijani; kwa ile rangi nyekundu, Ayman alikosea.