Mjane wa Eda Hapangi Foleni

"Hakutokea si jibu, Matar! Hakutokea kwa sababu gani?"

"Bi Mwanapili, mimi naandika nnachokiona. Nimeita jina mara tatu, kimya. Mwongozo unasema mwombaji afike mwenyewe, karani amwone kwa macho yake."

"Mwongozo haujapata kufiwa na mume."

Ni saa nne asubuhi katika ofisi ndogo ya misaada, mjini Unguja. Wanawake waliokwisha kuandikwa wamekaa kwenye benchi wakingojea kadi zao, na wote wamenyamaza ili wasikose neno. Karani Matar, kijana wa shati lililopigwa pasi kali, ameiweka kalamu juu ya jina la Tabia Borafya wa Jang'ombe. Akiandika "hakutokea", Tabia hapati mchele wala maziwa ya watoto mpaka mwakani. Orodha inafungwa leo saa sita.

Aliyesimama mbele yake ni Bi Mwanapili Usi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, buibui kalishusha mabegani. Yeye ni mshauri wa mpango huu wa kusaidia wajane. Serikali humlipa shilingi sitini kwa mwezi awaeleze wataalamu wa ofisini jinsi watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wanavyoishi. Kulipwa analipwa. Kusikilizwa ni jambo jingine.

"Tabia kafiwa, hii wiki ya tatu. Yumo edani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki. Wewe Muislamu, Matar. Mama yako hakukaa eda?"

"Alikaa."

"Ungempanga foleni?"

Benchi zima linacheka. Matar anainamisha uso, lakini kalamu haiweki chini.

Kosa hili halikuanza leo. Mpango ulipofunguliwa mwaka jana, 1955, mtaalamu aliyeletwa kutoka Uingereza aliandika mwongozo wa kurasa kumi na mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuzuia majina ya uongo. Ajabu ni kwamba makarani waliousoma ni wazaliwa wa hapahapa, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka eda. Wajane kumi na mmoja walikatwa. Bi Mwanapili aliwazungukia kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akakuta tisa kati yao walikuwa edani.

"Nikashauri. Nikaambiwa ushauri umepokelewa," anasema. "Nshashauri mara tatu. Umepokelewa mara tatu."

Ukimuuliza kwa nini jambo hili linamkera hivyo, sauti yake inapungua ukali, na mara anakuwa Makunduchi, alikozaliwa. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa.

"Mama hakuvuka kizingiti, na sisi hatukulala njaa hata siku moja," anakumbuka. "Alfajiri ukifungua mlango wa uani unakuta muhogo. Siku nyingine pweza mkavu. Siku nyingine mtungi wa maji tu, umefunikwa kwa kawa. Hujui nani kaleta. Mama akitaka kushukuru huambiwa, 'Kwani umeona mtu?'"

Wanawake wa mtaa walikuwa na zamu, na zamu hiyo haikuandikwa popote. Mwanapili alipokuwa mwari, shangazi yake alimtwika mzigo wa kuni, akamwambia sasa zamu ni yake. Aliutua mlangoni kwa mfiwa, akakimbia mpaka kiatu kimoja kikamvuka. Anacheka sana anapofika hapo.

Alipoolewa alihamia Ng'ambo, akawa msaidizi wa mkunga kwa miaka kumi na minane. Ndipo alipoijua Jang'ombe chumba kwa chumba, na ndipo alipoiona zamu ikifa.

"Siwalaumu watu. Chumba hiki kapanga wa Tumbatu, kile kapanga wa Bara, cha tatu hata jina humjui. Utajuaje kama mwenzio kafiwa? Ndiyo maana nliikubali kazi hii. Nlidhani serikali itashika zamu."

Matar anakohoa. "Basi niambie nifanyeje, mama yangu. Nikiandika nimemwona, nimesema uongo."

Bi Mwanapili ananyoosha mkono. Analifunga daftari la orodha, anachukua kidau cha wino, analitia daftari kwapani na kutoka.

"Bi Mwanapili! Daftari la serikali hilo!"

"Basi lifuate!"

"Nenda, mwanangu, sisi tutangoja," anasema bibi mmoja wa benchini.

Matar anamdiriki Darajani, jasho linamtoka, na daftari hapewi. Wakifika Jang'ombe, Bi Mwanapili anapiga hodi kwa Tabia na kuingia ndani. Matar anabaki barazani bila ya kuambiwa. Anauliza maswali akiwa kaupa mlango mgongo, na Bi Mwanapili anayarudia ndani.

"Watoto wangapi?"

"Anauliza watoto wangapi, Tabia."

Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, inapita nyuma ya pazia: "Wanne. Wa mwisho ananyonya."

Bi Mwanapili anatoka na daftari. Alama ya dole gumba la Tabia bado mbichi.

"Kabla sijastaafu nataka kitu kimoja tu," anasema akiipulizia ikauke. "Karani mwanamke. Hata mmoja. Apite nyumba hadi nyumba, aingie ndani, aandike. Siku hiyo mimi nitakaa kwangu nile muhogo wangu kwa raha."

Matar anautazama ukurasa. Mwishoni mwa mstari pamepigwa chapa: *Ameonekana na karani.* Anavuta kalamu, analikata neno la kwanza, na juu yake anaandika kwa hati nzuri: *Amesikika.* Anatia sahihi yake kamili.

Ni saa tano na robo.

"Nyumba ya nne yumo Mwanakheri," anasema Bi Mwanapili. "Mumewe kazikwa Ijumaa."

Matar keshashuka barazani.