Italia Ilipoingia Ukumbi wa Kibera

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya leseni za maonyesho, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Afisa Mkuu alinikabidhi muhuri na penseli nyekundu. "Bwana, hapa hatusomi hadithi," alisema. "Tunamtafuta mtu atakayelalamika."

Mwaka wangu wa tatu, Mwalimu Wafula wa Kibera alileta mswada: tanzia ya kisasi ya enzi za Mfalme James wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, aliyoitafsiri mwenyewe. Katika tanzia za namna hiyo, mtu ambaye nduguye ameuawa hukosa haki, hulipiza kisasi kwa mkono wake, na mwishowe hufa pamoja na waliomdhulumu. Afisa Mkuu alihesabu maiti nane, akaniagiza niandike taarifa.

Nilisoma wiki nzima. Enzi hizo sheria na kanisa vilikataza mtu kujilipizia kisasi. Lakini vyeo viliuzwa, na wapendwa wa mfalme hawakuguswa na sheria kwa urahisi. Watazamaji wa London waliyajua hayo. Waandishi wakauhamishia uozo wote Italia katika michezo yao, na afisa wa ikulu aliyekagua michezo, mtu wa kazi kama yangu, akatia sahihi.

"Watu wa Kibera wataijulia wapi Italia?" Afisa Mkuu aliuliza.

"Hawatahitaji kuijua, mzee."

Aliguna. Nikagonga muhuri.

Jumamosi alasiri nilikaa nyuma ya ukumbi na daftari langu, kama kanuni ilivyotaka. Mbele aliketi mwenye ploti mmoja wa Kawangware, aliyezoea kuwafukuza wapangaji kisha kuongoza baraza lililosikiliza malalamiko yao. Katika onyesho la kwanza, mtawala wa Italia alimwambia mjane, "Kesi dhidi yangu nitaisikiliza mimi."

Fundi mmoja, mpangaji wake, akasema kwa sauti, "Kumbe landilodi wetu ana ndugu Italia."

Ukumbi ulicheka. Mwenye ploti akavaa kofia yake, akatoka.

Jumatatu leseni ilifutwa, kwa maelezo kwamba mchezo ulichochea umwagaji damu. Afisa Mkuu alinisogezea karatasi. "Andika kwamba ulishauri tukatae. Una watoto."

"Nilishauri tukubali, mzee."

Wafula hakupewa ukumbi tena. Mimi nilihamishiwa leseni za mbwa, nikabaki huko hadi mwisho wa utumishi wangu.

Sasa nimestaafu, hakuna pa kunihamishia. Bado husemwa kwamba mchezo ule ulizimwa kwa sababu ya damu. Si kweli. Daftari langu linaonyesha kwamba mwenye ploti alitoka saa tisa na dakika ishirini. Maiti ya kwanza ilianguka saa kumi kasorobo.