Beringi Iliyobaki Kwenye Droo

Pikipiki ya marehemu baba ilinikwamia karibu na soko la Pap Onditi, mama akiwa amekaa nyuma. Nilibana klachi nipunguze gia, kukasikika mkwaruzo mkali, gia ikakataa kutoka, injini ikazimika. Tuliiacha kwenye duka la mbao. Mama, ambaye magoti yamemtesa kwa miaka mingi, alitembea juani hadi zahanati tuliyokuwa tukielekea akiniegemea begani. Hakulalamika hata kidogo, na hilo lilinitia hasira zaidi.

Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu fundi mmoja wa mtaa wa Obunga anirudishie pikipiki hiyo, akisema ameweka beringi mpya ya klachi. Beringi yenyewe nilimkabidhi mimi, ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Kwa pikipiki ya zamani namna ile haipatikani ovyo. Niliitafuta wiki nyingi.

Kesho yake niliipakia pikipiki kwenye pikapu nikampelekea fundi.

"Madam, hiyo niliweka mpya," alisema bila kuinua kichwa. "Shida ni vile unabana klachi. Hii si mashine ya wanawake."

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka.

Baba aliinunua pikipiki hiyo alipokuwa mkaguzi wa mashamba ya miwa Muhoroni. Kila Jumamosi aliifungua uani na kuwaita kaka zangu waangalie. Mimi niliitwa kuleta chai. Nilisimama pale na birika mpaka nifukuzwe, na kwa kuibia ibia hivyo nikajua boliti gani hutangulia kufunguliwa. Leo kaka zangu hawajui hata oili huingilia wapi. Baba alipofariki, walitaka kuiuza kama chuma chakavu.

Nilichukua spana kwenye sanduku la yule fundi, nikamwaga oili, nikafungua kifuniko cha upande wa kulia. Alisema nitaharibu gasketi inayozuia oili kuvuja. Niliendelea. Nilitoa boliti nne zinazoshika springi, nikavuta sahani ya klachi, na katikati yake nikaona beringi nyeusi, imeungua, gololi mbili hazipo. Niliinyanyua ili wateja waione. Hakuna aliyecheka.

"Ile yangu iko wapi?"

Alifuta mikono kwa tambara, polepole mno. Kisha akafungua droo na kuitoa, karatasi yake haijachanwa.

"Nilifikiri hii ya zamani itasukuma kidogo, mama. Hii mpya kuna mtu alikuwa anaitafuta sana."

"Mama yangu angevunjika nyuma ya hii pikipiki."

"Pole. Lete niweke sasa."

"Usiguse."

Niliiweka mwenyewe. Boliti moja iliniponyoka ikaingia mchangani, nikaiosha kwa petroli nikaanza upya. Nilikaza boliti kwa kupishanisha, kidogo kidogo, kama nilivyomwona baba akifanya. Niliporudisha kifuniko, nikatia oili na kuwasha, klachi ilishika na kuachia bila kelele. Niliondoka bila kumuaga.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Alitabasamu. "Baba yako angefurahi kukuona."

"Kama angefurahi, angenifundisha," nikasema.

Mama aliangalia chini. Nilijua nimemuumiza, lakini sikuyafuta maneno yale. Nilichukua sabuni nikatoka nje kunawa mikono.