Mbali Kuliko Dubai

Naungama: mimi, mhadhiri mwenye shahada mbili, nilimwonea wivu muuza vitenge. Hamisi, jirani yangu wa Kariakoo, alikuwa ameshakwenda Dubai mara tatu tangu serikali iliporuhusu biashara huria. Mimi safari yangu ya ng'ambo ilikuwa imeishia Zanzibar.

Jioni moja kwenye kijiwe cha kahawa akaniuliza mbele za watu, "Mwalimu, pasipoti unayo?" Watu wakacheka. Nikajua ananikejeli. Wiki iliyofuata akaongeza, "Chuo si kinafungwa mwezi wa saba?" Nikanuna siku mbili nzima.

Nikahangaikia pasipoti hadi nikaipata, kisha nikaenda Mchafukoge kwa Kanti, wakala wa tikiti za ndege, yule yule anayemkatia Hamisi.

"Unaenda wapi, Mwalimu?"

"Popote, ilimradi ni mbali kuliko Dubai."

"Lini?"

"Hamisi anasafiri lini?"

"Tarehe kumi, mwezi wa saba."

"Basi mimi tarehe tisa. Nataka yule mshamba asikie nimeshapaa."

Kanti akakohoa, akatazama nyuma yangu. Kwenye benchi la kando ya mlango, nililolipita bila hata kugeuka, alikuwa amekaa Hamisi na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema taratibu. "Safari hii naenda Hong Kong, na Kiingereza changu unakijua. Nilikuja kukukatia tikiti, uwe mkalimani wangu."

Kisha akamgeukia wakala. "Kanti bhai, ile ya pili ifute. Mwalimu anaondoka tarehe tisa."