Kitabu Nilichokifukia Kwenye Kahawa

Harufu ya kahawa mbivu iliyoanikwa juani huwapendeza wageni. Mimi, niwaambie ukweli, hunirudishia hofu ya zamani.

Shuleni kwetu, upande wa Kaisho, tulikuwa na vitabu vinane vya hadithi, zawadi ya wafadhili. Mwalimu mkuu, kwa kuogopa visiharibike, alivifungia kwenye tranka, ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Kila Ijumaa tulinawa mikono, tukasoma ukurasa mmoja, vikarudi ndani. Nikiwa darasa la nne uvumilivu ulinishinda. Ijumaa moja mwalimu alipoitwa nje nilichomeka kimoja ndani ya sweta, naye aliporudi akafunga tranka bila kuhesabu.

Mvua ikaninyeshea njiani, kitabu kikalowa chapachapa. Kesho yake nilikianika kwenye jamvi la kahawa, na kwa kumwogopa baba nikakifukia chini ya buni mbivu. Werevu wa mtoto huo! Jioni kilikuwa kimekauka, lakini kurasa zimejaa madoa ya kahawia. Jumapili nilikisoma kwa kujificha hadi nikakimaliza.

Jumatatu nilikwenda nacho, nikipanga kukirudisha kimyakimya. Nikakuta gari uwanjani. Wafadhili, mama mmoja mgeni na wenzake, walitaka kuona vitabu vyao kabla ya kuleta vingine.

Mwalimu alifungua tranka mbele yetu. Akahesabu saba. Akarudia, akapapasa hadi chini ya tranka. Niliogopa hadi mkojo ukanichuruzika miguuni. Sijui nilifikaje mbele, ila nilimkabidhi yule mama mgeni kitabu.

"Shikamoo," nilisema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, mwanangu."

Alikifungua, buni moja ikadondoka. Akafungua na vile saba. Ukiacha chache za mwanzo, kurasa zilikuwa bado zimegandana kwa upya.

"Hiki umekisoma?"

"Nimekimaliza, mama."

"Na hivi vingine, mwalimu, nani kavisoma?"

Mwalimu aliushika ufunguo wake kifuani.

Vitabu vingine vililetwa, kwa sharti kwamba vikae darasani na watoto waende navyo nyumbani. Fimbo yangu niliisubiri hadi nikamaliza la saba, haikuja.

Miaka yote nilidhani siku ile mwenye hofu nilikuwa peke yangu. Sasa mimi ni mwalimu huku Rugera. Juzi tuliletewa katoni ya vitabu, vipya, vinanukia. Watoto walikuwa wamejazana mlangoni, na kabla sijafungua hata kimoja nilijikuta nauliza kufuli liko wapi.