Niliwachekesha watu kwa video ya kinyonga "anayeimba taarabu", kumbe alikuwa anakufa kwa kiu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Nitakayosema humu ni kweli tupu. Ningetaka kutia chumvi ningejiongezea utu kidogo, na mtajionea wenyewe kwamba haumo.

Niko form three, naishi Nguvumali, Tanga mjini, kwa bibi mzaa mama. Darasani mimi ndiye mchekeshaji. Mwalimu akigeukia ubao, darasa lote linanigeukia mimi.

Hiyo sifa ndiyo iliyoniponza.

Likizo nilikwenda Lushoto kwa shangazi. Kwenye ua wake kulikuwa na kinyonga wa kijani, mkubwa kama kiganja changu bila kuhesabu mkia. Anatembea kama mgeni rasmi: hatua moja, anasita, anayumba, hatua nyingine. Jicho moja linaangalia meza kuu, jingine linaangalia soda zinakogawiwa.

Nikampa jina la Mheshimiwa.

Shangazi akaniambia, "Mwache hapohapo alipo, mwanangu. Huyo ni wa ukungu na baridi, joto la Tanga hataliweza."

Nikasema sawa shangazi. Asubuhi ya kuondoka Mheshimiwa alikuwa kwenye boksi la viatu, chini ya mashati yangu.

(Najua. Tulieni kwanza, kuna mabaya zaidi.)

Bibi alipomwona alipanda juu ya kigoda.

"Astaghfirullah! Weye mwana weye! Kitoe hicho kidudu nyumbani mwangu!"

Bibi anamwogopa kinyonga kuliko nyoka. Basi nikamweka uani, ndani ya tenga la kuku, chini kidogo ya bati la banda lao. Wenyeji wa Tanga mnalijua bati letu saa saba mchana. Hata kuku wa bibi walikuwa wamelihama lile banda. Kuku wameelewa, mimi nasoma biology sijaelewa.

Maji nilimwekea kwenye kifuniko cha ndoo. Kila jioni nayakuta yamejaa vilevile. Nikahitimisha kwamba huyu hana kiu. Majirani nikawaambia amefunga sunna, wakacheka.

Kisha ikaja show ya kanga.

Mnajua tulivyokua tunaamini kinyonga anachukua rangi ya chochote anachokanyaga. Sasa jirani yetu Mama Riziki akaja na kanga zake, akazitandika barazani. "Mpandishe kwenye hii nyekundu," akasema, "tuone kama na maandishi atayatoa mgongoni."

Kwenye nyekundu akawa kahawia. Kwenye njano, kahawia. Kwenye nyeupe, kahawia inayokaribia weusi.

"Kinyonga wako kaishiwa wino," Mama Riziki akasema.

Nikamhamisha kanga baada ya kanga, mchana mzima, mkono kwa mkono. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba hakuwa anasoma kanga hata moja. Ile rangi nyeusi nyeusi ilikuwa ni joto, hofu na ugonjwa.

Wakuu, dalili zote nilikuwa nazo mbele ya macho. Macho yake, yale yaliyokuwa yamejaa kama punje za mbaazi, yalianza kuzama ndani. Nikasema ana usingizi. Kinyesi chake huwa na sehemu nyeupe, ikageuka rangi ya chungwa. Nikasema kaonja embe za bibi. Ngozi ya ubavuni ikawa na mikunjo. Panzi nikimpa hawaangalii.

Kila dalili niliipatia utani wake.

Siku moja mchana nikamkuta ameinua kichwa, mdomo wazi kabisa, anaufunga kidogo anaufungua tena. Nikachukua simu ya bibi, nikarekodi, nikaweka sauti ya mwimbaji wa taarabu juu yake. Mdomo na sauti vikakutana vizuri mno. Nikaandika, "Mheshimiwa anawajibu wabaya wake."

Grupu la darasa lililipuka. Watu wakaisambaza. Sijawahi kuchekesha watu wengi kiasi kile maishani mwangu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Zuhura, tunasoma naye, mama yake ni daktari wa mifugo. Aliniandikia pembeni: "Mama anasema huyo haimbi, anatafuta pumzi. Anasema mlete leo."

Hapa sasa ndipo ninapotaka kujificha chini ya meza.

Nilimjibu, "Mwambie mama show ni Jumamosi, kiingilio bure."

Moyoni nilishtuka, sitawadanganya. Nilikwenda kumwangalia. Nikaona kweli anahema. Lakini watu walikuwa wanauliza part two iko wapi, na mimi nikajua nikimpeleka kwa daktari utani umeisha.

Nikarekodi part two.

Siku mbili zikapita hivyo. Ya tatu nilitoka shule nikamkuta chini, ameanguka kutoka kwenye kijiti, amelala ubavu. Jicho la kulia limefumba, la kushoto linanitazama.

Nilimweka kwenye kikapu cha bibi nikakimbia hadi kwa akina Zuhura. Mama yake alikuwa anaosha mabuti, ametoka kuchanja ng'ombe.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Ndiye mwimbaji huyu?"

Nikamfunulia kikapu bila utani wowote. Ni mara ya kwanza.

Alimshika taratibu, akambinya ngozi kidogo ubavuni. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akaangalia mdomoni, kulikuwa na utelezi mzito.

"Maji ulimpa?"

"Nilimpa daktari, hanywi."

"Ulimpa kwenye nini?"

"Kifuniko cha ndoo."

Alimrudisha kikapuni. "Mwanangu, huyu hajui kifuniko ni kitu gani. Kwao anakunywa umande. Anaona tone linametameta kwenye jani, analilamba. Yale maji yako yaliyotulia hakuyaona kama maji. Ulimweka jangwani, ukamwekea bahari pembeni."

Akasema yeye amesomea ng'ombe na si vinyonga, akampigia mwenzake anayewajua wanyama hao. Waliongea kirefu. Ilibidi Mheshimiwa apimwe uzito ili dawa isimzidi, na mzani wa daktari ni wa mbuzi. Tukaenda Ngamiani kwa muuza viungo, akapimwa kwenye mzani wa hiliki. Muuza viungo aliusafisha mara tatu baada yetu huku akisoma dua.

Alipigwa sindano ndogo sana kwa ajili ya mapafu. Halafu kazi ikawa yangu. Kivuli. Tawi lenye majani mengi. Chupa iliyotobolewa kwa pini, ining'inie juu ya majani idondoshe tone moja moja, na majani nipulizie maji asubuhi na jioni. Daktari alinikataza kabisa kumkamulia maji mdomoni kwa bomba la sindano, maana yanaweza kuingia kwenye mapafu nikamaliza nilichoanza. Akanieleza pia kwamba hawa si wa kuokotwa porini na kutiwa boksini, kuna sheria.

Nilikaa mbele ya lile tawi nahesabu matone. Hakugusa. Nikaanza kulia, wakuu, ndio, mimi.

Bibi akatoka, akasimama mbali na ufagio mkononi. "Mimi nilisema simtaki ndani," akasema. "Sikusema umuue kwa kiu." Akasogeza kiti chake kutoka mahali penye kivuli kizuri zaidi uani. "Mlete hapa. Mie nitakaa jikoni."

Baada ya karibu saa nzima tone lilimdondokea puani. Akatikisika. Akafungua mdomo, akalamba jani, akatafuna kama mtu anayeonja mchuzi. Akalamba tena. Alikunywa kwa muda mrefu mno, hata nikaona aibu kumtazama.

Leo ni wiki ya pili. Anakula panzi akiletewa mdomoni, kijani kimerudi shingoni. Jicho la kulia halijafunguka. Daktari anasema kwa jicho moja hawezi kupima umbali wa mdudu, ulimi utakuwa unakosa, kwa hiyo kumrudisha Lushoto sasa hivi ni kumwua kwa njia nyingine. Shangazi nimemwambia. Alisema "Nilikwambia," akakata simu.

Kwenye grupu la darasa niliandika ukweli: haimbi, alikuwa anakufa, nami nilijua.

Wakacheka. Wakadhani ni part three.

Nikaandika mara ya pili, wakacheka zaidi. Ndiyo maana nimekuja huku, ambako hakuna anayenijua.

Nilichojifunza: mnyama akinyamaza usimtungie maneno. Macho yakizama, mdomo ukiachama, rangi ikififia, uliza siku hiyohiyo, wala usingoje utani uishe.

Mliowahi kufuga vinyonga, jicho kama hilo huwa linarudi? Semeni hata kama jibu ni baya. Matusi pia nitayasoma.

Na kama ile video imekufikia, ifute tafadhali. Sauti niliweka mimi. Pumzi ile ilikuwa yake.